Jinsi ya kusikiliza Nabucco ya mwaka 1965 kuanzia mwanzo hadi mwisho: mwongozo kamili

Wengi tuliopitia kwaya tunaujua wimbo mmoja tu wa Nabucco, opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Giuseppe Verdi, ule wa watumwa wa Kiebrania, "Va, pensiero". Video zake zimejaa mtandaoni na zinatumwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, mara nyingi bila jina la mtunzi. Ni wimbo mzuri, hilo halina ubishi. Ila umekatwa kutoka katikati ya ugomvi. Dakika chache kabla yake, mfalme aliyepotewa na akili anamsihi mwanamke aliyemnyang'anya kiti chake. Sekunde chache baada yake, machozi hayajakauka, kuhani anaingia na kuwakemea waimbaji kwa kulia. Ukiusikiliza peke yake unapata huzuni tu, na Giuseppe Verdi hakuishia kwenye huzuni.

Kwa hiyo hapa tunasikiliza opera nzima, takriban saa mbili, kwa rekodi moja niliyoichagua makusudi: ile ya kampuni ya Decca iliyofanyika Vienna mwaka 1965. Si rekodi safi kuliko zote. Naipenda kwa sababu waimbaji wake wawili wakuu wanaimba kama watu wanaogombana kweli.

Hatua ya 1: Hakikisha umepata rekodi yenyewe

Rekodi za Nabucco ni nyingi na majalada yake yanafanana: mnara wa Babeli, simba wenye mabawa, mzee mwenye ndevu zilizosukwa. Usichague kwa picha, soma majina. Unamtafuta Lamberto Gardelli kama mwongoza okestra, Tito Gobbi kama Nabucco, Carlo Cava kama Zaccaria, Bruno Prevedi kama Ismaele na Dora Carral kama Fenena. Abigaille ni Elena Souliotis. Jina lake huandikwa pia "Suliotis", hasa kwenye majalada ya zamani, kwa hiyo usipoipata kwa tahajia moja jaribu nyingine. Kwaya na okestra ni za Opera ya Taifa ya Vienna.

Mambo mawili huwapoteza watu. Kwanza, programu nyingi za muziki huonyesha mwaka ambao albamu ilitolewa upya, si mwaka wa kurekodiwa, kwa hiyo usishtuke ukiona tarehe ya juzi. Pili, kuna albamu fupi za vipande teule kutoka rekodi hiyohiyo. Ukiona jumla ya muda ni chini ya saa moja na nusu, hiyo siyo. Toleo kamili lilitoka kwanza kwenye santuri tatu, na baadaye likaingia kwenye CD mbili.

Inafaa pia kujua ilirekodiwa wapi, maana ukumbi unasikika. Ukumbi wenyewe, Sofiensaal wa Vienna, ulianza kama jengo la mabafu ya mvuke katika karne ya 19, kisha ukageuzwa ukumbi wa dansi. Chini ya sakafu ya mbao kulibaki tundu la bwawa la kuogelea, na inasemekana ndilo lililoipa sauti mle ndani joto na mwangwi wake. Decca waliugeuza ukumbi ule kuwa studio yao kubwa, na mzunguko mzima wa opera nne za mtunzi Mjerumani Wagner, okestra ikiongozwa na Georg Solti, uliokamilika mwaka huohuo wa 1965, ulirekodiwa humohumo. Moto uliuteketeza mwaka 2001. Ukisikia tarumbeta zinapiga na sauti inazunguka kwanza kabla ya kutulia, huo ndio ukumbi.

Na kuna kichekesho kidogo hapa. Mwaka 1842, opera hii ilipoonyeshwa mara ya kwanza Milano, mji ule ulitawaliwa kutoka Vienna. Waitaliano wa baadaye walipousikia wimbo wa watumwa wa Babeli walijiona wao ndio watumwa, na Babeli yao ilikuwa Austria. Miaka 123 baadaye, waliosimama kuuimba ni kwaya ya Vienna.

Hatua ya 2: Soma Biblia, kisha usiitegemee sana

Soma sehemu tatu. Chukua 2 Wafalme 25 upate anguko la Yerusalemu na kuchomwa kwa hekalu. Chukua Danieli 4, mahali Nebukadneza anapojisifu, anafukuzwa mbali na wanadamu na kula majani kama ng'ombe. Halafu Zaburi 137, na hii isome hadi mwisho, usiishie pale pa kuimbika. Wengi wetu tunaishia kwenye "kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni." Zaburi yenyewe haiishii hapo. Inapofika mwisho inaiapiza Babeli kwa maneno makali ambayo hayasomwi mara kwa mara Jumapili. Shika hilo, tutalirudia kwenye hatua ya 6.

Mwandishi wa maneno ya opera, Temistocle Solera, hakuifuata Biblia neno kwa neno. Alichukua mchezo wa kuigiza wa Kifaransa wa mwaka 1836 na kuupunguza. Danieli hayumo kabisa. Zaccaria wa humu si nabii Zekaria, ni kuhani mkuu aliyebuniwa. Abigaille, Fenena na Ismaele nao usiwatafute kwenye maandiko, hutawapata; ukikutana na Abigaili au Ishmaeli huko, si hawa. Kilichobaki cha Biblia ni mfalme, kiburi chake, wazimu wake na ule uhamisho.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Nabucco, yaani Nebukadneza, ana mabinti wawili. Fenena ni wa damu yake, naye ametekwa na Waebrania na kumpenda Ismaele, mpwa wa mfalme wa Yerusalemu. Abigaille anaaminika kuwa binti mkubwa, ni shujaa wa vita, naye pia anampenda Ismaele, lakini hapendwi. Baadaye anagundua kuwa yeye ni mtoto wa watumwa. Kuanzia hapo hataki tena mapenzi ya mtu, anataka kiti.

Ukishika hao wanne pamoja na kuhani, hutapotea.

Hatua ya 3: Andaa simu, maneno na masikio

Zima uchezaji wa nasibu. Hili linaonekana dogo, lakini programu za bure mara nyingi huchanganya nyimbo zenyewe, na opera iliyochanganywa haieleweki hata kidogo. Zima pia ule mpangilio wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, pamoja na ule wa kusawazisha sauti, kwa sababu muziki huu unaishi kwa tofauti kati ya kunong'ona na kupiga kelele. Kama unanunua bando la siku, pakua kwanza ukiwa kwenye Wi-Fi. Kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, saa mbili zinakula takriban MB 145.

Usitumie spika ya simu. Sauti za chini za besi na za selo (fidla kubwa yenye sauti nzito) hazitoki humo, na sehemu moja nzuri kuliko zote ya Zaccaria itakuwa kama haipo. Hedfoni za kawaida za waya zinatosha.

Halafu tafuta libreto, yaani kitabu cha maneno. Iko mtandaoni bure, kwa Kiitaliano, na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa ubavuni. Usiogope Kiitaliano. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana irabu zao zinasomeka karibu kama zetu na kila silabi inatamkwa. Kumbuka tu kwamba "che" husomwa "ke", "ci" ni "chi", "gi" ni "ji", na "gn" ni "ny" ya nyumba. Baada ya kurasa mbili utakuwa unafuata kwa kidole bila kupotea mstari.

Usisikilize zote kwa mkupuo mara ya kwanza. Opera ina sehemu nne: Yerusalemu, Mkufuru, Unabii, na Sanamu Iliyovunjika. Gawa jioni mbili, sehemu ya kwanza na ya pili leo, ya tatu na ya nne kesho.

Hatua ya 4: Sehemu ya kwanza, sikiliza jinsi kila mtu anavyoingia

Okestra inaanza peke yake kwa dakika saba hivi. Tromboni zinaanza taratibu kama wimbo wa kanisani, kisha okestra nzima inazilipukia. Katikati utausikia wimbo wa watumwa ukipita, bila maneno, kwa mwendo unaobembea zaidi. Usisimame hapo. Verdi anakuonjesha tu.

Kwaya inafungua pazia kwa hofu: adui yuko mlangoni. Zaccaria anaingia kuwatuliza, na hapa utamjua Carlo Cava. Sauti yake ni nzito na yenye mkwaruzo, haina ulaini wa mabesi wengine maarufu. Nimewasikia watu wakimlaumu kwa hilo. Mimi naona inamfaa mzee anayetakiwa kusimamisha taifa zima lisikimbie.

Kisha anaingia Abigaille, upanga mkononi, akimdhihaki Ismaele: "Prode guerrier!", shujaa wa vita, kumbe vita vyako ni vya mapenzi. Rudia sekunde thelathini hizi. Souliotis anashuka hadi sauti ya kifuani kama mwanamume, halafu bila onyo anaruka juu. Alizaliwa Athens mwaka 1943 na kukulia Argentina. Alikuwa na miaka 22 tu alipoingia kwenye ukumbi huu, mwaka mmoja baada ya kupanda jukwaani kwa mara ya kwanza Napoli. Mwimbaji mwenye busara wa umri huo hagusi nafasi hii.

Nabucco mwenyewe anachelewa kuingia. Tito Gobbi alikuwa na miaka 51, keshaimba karibu kila nafasi kubwa ya baritoni (sauti ya kiume kati ya teno na besi) wa Kiitaliano, na noti zake za juu zilikuwa zimeanza kukauka. Alijua. Kwa hiyo haimbi kwa nguvu za koo, anaimba kwa neno. Anaposema "Tremin gl'insani", na watetemeke wendawazimu hawa, sikiliza anavyoing'ata ile "t" na "r". Jumla ya opera yote iko kwenye mstari huo, maana atakayekuwa mwendawazimu ni yeye.

Hatua ya 5: Sehemu ya pili, hapa ndipo pa kukaa

Kama una nguvu ya kusikiliza kitu kimoja mara tatu, basi ni dakika za mwanzo za sehemu hii. Abigaille yuko peke yake. Ameipata hati inayothibitisha asili yake: "Ben io t'invenni, o fatal scritto!" Yaani nimekupata, ewe andiko la balaa. Haimbi wimbo bado, anazungumza kwa noti huku okestra ikimkatiza kama watu wanaopigiana kelele kwenye korido. Anamtaja Fenena, anamtaja mfalme, anaapa kuwaangamiza wote. Mwisho, kwenye maneno "o fatal sdegno", hasira ya maangamizi, sauti inaporomoka kutoka Do ya juu hadi Do ya chini, oktava mbili nzima kwa pumzi moja.

Waimbaji waangalifu hushuka ngazi hii huku wakishika ukuta. Souliotis anajitupa. Utasikia mahali ambapo sauti ya kichwa inaisha na ya kifua inaanza, mshono uko wazi kabisa, na walimu wa sauti watakuambia hivyo sivyo inavyofundishwa. Wana haki. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya sabini sauti ile ilikuwa imechakaa, na mwenyewe hakuwa amefika hata miaka 30. Mwanafunzi wa kuimba asimwige. Msikilizaji lakini anapata kitu ambacho hakipatikani kwa uangalifu: mwanamke aliyegundua sasa hivi kuwa maisha yake yote yalikuwa uongo.

Halafu ghafla utulivu. "Anch'io dischiuso un giorno", mimi nami siku moja moyo wangu ulifunguka. Fluti inamsindikiza, naye anaimba kwa sauti nyembamba na laini kiasi kwamba unaweza kudhani mwimbaji amebadilishwa. Kuhani mkuu wa Beli, mungu wa Babeli, anakuja na habari kwamba Fenena anawaachia mateka, na ulaini ule unaisha. "Salgo già del trono aurato", sasa napanda ngazi yenye damu ya kiti cha dhahabu. Ni wimbo wa kasi, noti zinamwagika kama shanga, na Gardelli anaikimbiza okestra bila huruma.

Baada ya kelele hizo Verdi anafanya jambo la akili. Anazima karibu okestra yote na kuacha selo sita tu zimsindikize Zaccaria anayeomba: "Tu sul labbro de' veggenti". Hapa ndipo hedfoni zinapolipa. Selo zinaanza peke yake, zikipishana sauti kama wazee kwenye kikao, kisha besi anaingia chini yao. Hakuna pambo wala noti ya kujionyesha.

Mwishoni mwa sehemu hii Nabucco anarudi, wakati kila mtu anadhani amekufa. Ananyakua taji, analivaa na kutangaza: "Non son più re, son Dio!" Mimi si mfalme tena, mimi ni Mungu. Radi inapiga na taji linaanguka. Kwenye Danieli mfalme hutendwa na mbingu kwa namna nyingine, lakini jukwaani radi inafaa zaidi. Sasa msikilize Gobbi kwenye sekunde zinazofuata. Ile sauti ya tarumbeta imekwisha. "Chi pel crine, ohimè, m'afferra?" Nani, ole wangu, anayenikamata kwa nywele? Anaiimba kama mtu anayegeuka huku na huku akitafuta mkono usioonekana. Baritoni wengi hupiga kelele hapa. Yeye anakuwa mdogo. Na wakati anamwita bintiye amsaidie, Abigaille anainama na kuokota taji.

Zima hapo. Jioni ya kwanza imetosha.

Hatua ya 6: Sehemu ya tatu, sikiliza vitu vitatu kama kitu kimoja

Usiruke kwenda kwenye "Va, pensiero". Anza na "Donna, chi sei?", mama, wewe ni nani?

Nabucco anatangatanga kwenye jumba lake mwenyewe. Anamkuta Abigaille juu ya kiti na hamtambui vizuri. Abigaille anambembeleza aweke muhuri kwenye hukumu ya kifo cha Waebrania wote, naye anaweka. Ndipo anakumbuka: na Fenena je? Fenena ameifuata imani yao, naye atakufa. Mzee anapekua nguo zake akitafuta ile hati ya kumwaibisha Abigaille, kumbe hati iko kifuani kwa Abigaille, anaichomoa na kuichana mbele yake. Nje tarumbeta zinatangaza kifo. Mfalme wa Babeli, aliyejiita Mungu nusu saa iliyopita, anasihi: "Deh, perdona", tafadhali msamehe baba aliyepotewa na akili.

Dakika hizi ndizo zilizonifanya niichague rekodi hii. Mzee wa 51 anayehesabu kila neno anakutana na binti wa 22 asiyehesabu chochote. Gobbi anaimba nusu sauti, karibu na maikrofoni, na ukisikiliza kwa makini utaisikia pumzi yake kabla ya "perdona". Souliotis anamjibu kwa noti za chuma. Hakuna anayejaribu kuimba vizuri kuliko mwenzake, wanajaribu kushinda.

Na sasa, bila kusimamisha, mto Frati. Okestra inatetemeka kidogo, fluti inapita, kwaya inaanza: "Va, pensiero, sull'ali dorate." Nenda, ewe wazo, kwa mbawa za dhahabu. Verdi aliandika iimbwe chini ya sauti, na karibu wote wanaimba sauti ileile moja, soprano, alto, teno na besi bila kugawanyika. Kwa mwanakwaya aliyezoea sauti nne hili ni jambo la ajabu. Subiri hadi "Arpa d'or dei fatidici vati", ewe kinubi cha dhahabu cha manabii, kwa nini umetundikwa kimya mtini? Hapo kwa mara ya kwanza sauti zinagawanyika na kupaa. Hicho ndicho kile kinubi cha Zaburi 137, kilichotundikwa kwenye miti. Kisha zinarudi chini, na neno la mwisho linafifia hadi unajiuliza kama bado wanaimba.

Kwaya ya Vienna ina uzito wa Kijerumani kwenye konsonanti, sitakuficha. Kwaya za Italia huuachia wimbo huu upepee zaidi. Lakini ile kuanza kwa kunong'ona wameifanya vizuri mno.

Usiguse simu. "Oh, chi piange?" Nani analia? Zaccaria ameingia, na analinganisha kilio chao na cha wanawake wanyonge. Kama unautazama wimbo wa watumwa kama kilele cha opera, kuingia huku kunaudhi. Ukikumbuka ile zaburi, unaelewa. Solera aliikata Zaburi 137 vipande viwili. Kilio aliwapa watumwa, laana akampa kuhani. Zaccaria anatabiri kwamba Babeli haitabaki na jiwe la kumwonyesha mgeni mahali iliposimama. Fisi na nyoka watakuja kulala juu ya mafuvu na mifupa, na jioni sauti pekee itakuwa ya bundi. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa bundi ana habari gani. Kwaya inaamka, inamjibu, na waliokuwa wanalia wanaimba kwamba mnyororo utavunjika.

Cava na mkwaruzo wake hapa hana mpinzani.

Hatua ya 7: Sehemu ya nne, haraka kidogo

Sehemu hii ina haraka ya kufunga hesabu, nawe unaweza kuisikiliza hivyo. Kuna mambo matatu ya kuyatafuta. La kwanza ni maombi ya Nabucco, "Dio di Giuda", akiwa amefungwa chumbani huku dirishani akimwona Fenena akipelekwa kuuawa. Akili inamrudia anapoomba. La pili ni "Immenso Jehova", kwaya bila ala yoyote, fupi. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba usiku wa kwanza pale La Scala, ukumbi wa opera wa Milano, tarehe 9 Machi 1842, watazamaji walidai "Va, pensiero" irudiwe kwa uzalendo. Watafiti wameonyesha kuwa kilichorudiwa ni huu wimbo wa "Immenso Jehova". Usikilize ukiwa na hilo akilini, na jiulize kama wewe ungedai urudiwe. Mimi ningedai.

La tatu ni kifo cha Abigaille. Amekunywa sumu, anaomba msamaha kwa Fenena, na sauti iliyokuwa inaporomoka oktava mbili sasa inakatikakatika kwa maneno mawili mawili, ikisindikizwa na kinubi, selo na koanglesi (ala ya kupuliza, ndugu wa obo mwenye sauti nzito). Mwimbaji wa kwanza wa nafasi hii, Giuseppina Strepponi, naye alikuwa na sauti iliyokwisha kuchoka mwaka ule wa 1842. Baadaye, mwaka 1859, akawa mke wa Verdi.

Hatua ya 8: Linganisha, lakini na vipande viwili tu

Baada ya wiki moja hivi, chukua vipande viwili, ule wa "Ben io t'invenni" na ule wa "Donna, chi sei?", uvisikilize kwa waimbaji wengine. Rekodi ya Maria Callas jukwaani Napoli, Desemba 1949, akiwa na Gino Bechi na mwongoza okestra Vittorio Gui, ina sauti mbovu ya kunguruma kama redio yenye betri iliyokwisha. Vumilia. Callas anaporomoka oktava zile mbili kwa ukali uleule, ila yeye anajua anatua wapi. Rekodi ya Riccardo Muti ya mwishoni mwa miaka ya sabini, akiwa na Renata Scotto na Matteo Manuguerra, ina okestra kali kuliko ya Gardelli na Zaccaria mwenye sauti nzuri zaidi, Nicolai Ghiaurov. Ile ya Giuseppe Sinopoli ya miaka ya themanini ina Ghena Dimitrova, ambaye noti zote anazo, kubwa na imara. Ukitaka Nabucco isiyo na kasoro kubwa, chukua Muti. Ukimaliza, rudi kwa Gobbi kwenye "Deh, perdona" uone kama kuna mwingine aliyekufanya umwonee huruma mfalme.

Kwa wanakwaya wanaotaka kuimba

Muziki wa Verdi na maneno ya Solera havina tena mwenye haki miliki, kwa hiyo nota za zamani mnaweza kupakua na kudurufu kwa halali. Rekodi ya 1965 ni habari nyingine, msiiweke chini ya video yenu. Wimbo wa "Va, pensiero" uko kwenye Fa shapu, shapu sita, jambo linalomtia hofu mpiga kinanda. Wanaosoma solfa haliwahusu, do ni do tu. Mkishusha nusu toni hadi Fa ya kawaida hakuna atakayelalamika.

Kazi ngumu si noti, ni kuimba polepole na chini bila kushuka toni. Jizoezeni sehemu ya sauti moja bila kinanda, kisha mpiga kinanda aguse do mwishoni mwone mmebaki wapi. Msiachie nguvu kabla ya "Arpa d'or". Na kama mna besi mmoja mwenye kifua, msiishie kwenye ule mwisho unaofifia. Mpeni ukurasa unaofuata, aanze "Oh, chi piange?" kabla watu hawajapata nafasi ya kupiga makofi, nanyi mfike hadi pale mnyororo unapovunjika. Kwenye nota ni kurasa chache tu za ziada, na sehemu ya kwaya humo ni rahisi kuliko ya mwanzo.